Seleri ku barza: tuanze na vyombo vitano, hapana arobaini



Tukisema katika mkutano wa koperative kwamba mtu anaweza kulima majani ya kunukia nyumbani kwake, ndani ya vyombo, watu wanacheka kwanza. Kiisha mzee mmoja anasimama, anasema: «Siye tuko bakulima ba mihogo na muchele. Maua ya mu nyumba ni ya bazungu.» Wengine, zaidi vijana, wanaenda upande mwingine kabisa. Wameona picha ku telefone, wanataka koperative ichukue deni ili inunue vyombo vya plastiki, taa za kukomalisha mimea na pakiti za mbegu kutoka mbali. Sisi hatukubaliani na mzee, na hatukubaliani na vijana. Tunaandika hapa ili tueleze sababu, kwa maana franka zinazozungumziwa ni za wanamemba, na maji yatakayotiwa ndani ya vyombo hivyo yatabebwa na mtu, na sisi wote tunajua ni nani.

Tuanze na lile neno lenyewe, «ndani ya nyumba». Ulaya mtu anaingiza majani yake ndani juu ya baridi. Mwezi wa kwanza, huko nje, lumbalumba inakufa kwa usiku mmoja. Dirisha lake ni kubwa, la kioo, na nyumba yake inapashwa moto. Mashauri yote unayoyaona ku telefone yanatoka kwa shida ile. Sisi hatuna shida ile. Hapa katika Bonde la Ruzizi, toka Kamanyola mpaka Uvira ku ziwa, hakuna jani linalokufa kwa baridi. Linakufa kwa jua la saa nane, kwa upepo mkavu wa mwezi wa saba, kwa mbuzi wa jirani, kwa kuku, na kwa mtoto aliyetumwa kumwagilia akaenda kucheza mpira. Tunaleta mimea karibu na nyumba ili tuilinde na hayo. Kwa hiyo pahali pake ni ku barza, chini ya ncha ya tole, kando ya mlango, pale mama anapopita mara ishirini kwa siku. Chumbani hapana.

Na chumbani hapana juu ya mwangaza. Nyumba zetu nyingi zina dirisha dogo la mbao, na linafungwa jua likiwa kali. Mtu anaona kwamba ndani kuna mwangaza kwa sababu macho yake yanazoea, jani halizoei. Hatua mbili toka dirishani, mmea unaanza kurefuka, shingo nyembamba, rangi ya manjano, unainama kuelekea mlango sawa mtu anayesubiri mgeni. Majani ya namna ile hata harufu hayana, kwa maana harufu ni mafuta, na mafuta yale mmea unayatengeneza kwa nguvu ya jua. Kuna jaribio moja ambalo halina gharama. Saa sita ya muchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chombo, kiisha nyoosha mkono juu yake. Ukiona kivuli cha mkono na vidole vyote vinahesabika, pahali pale panafaa. Ukiona kivuli chenye ukungu tu, weka pale nana (wengine wanaita manti) na usitegemee zaidi. Usipoona kivuli, weka pale kiti.

Hapo njo vijana wanasema: basi tununue taa. Ndugu zetu, tuko pahali ambapo jua linawaka karibu masaa 12 kila siku ya mwaka. Taa inaomba umeme kila siku, masaa mengi, na umeme wetu mnaujua. Mwenye kuuza taa ataipata faida yake siku ile ile atakapoiuza. Koperative itatafuta yake kwa muda mrefu sana.

Tunalohitaji ni kujua jua linapita wapi. Uvira iko karibu digrii 3 na nusu kusini ya ikweta, na juu ya ile jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Toka katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa linapita upande wa kaskazini. Toka mwezi wa kumi mpaka mwanzo wa mwezi wa tatu linapita upande wa kusini. Maana yake, katika kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ukuta wa kusini wa nyumba yako una kivuli saa sita ya muchana, na ukuta wa kaskazini unapigwa. Wakati wa mvua za mwisho wa mwaka mambo yanageuka. Shamba haliwezi kuhama, lakini bidon inahama: ni faida kubwa kabisa ya kulima ndani ya chombo, na watu wengi hawaitumii. Wanaweka chombo pahali pamoja mwezi wa kwanza, kinapendeza, mwezi wa saba kimekauka, wanasema mbegu ilikuwa mbaya.

Kati ya pande zote nne, barza inayotazama mashariki njo bora. Inapata jua la asubuhi, ambalo ni la upole, kiisha inaingia kivulini wakati joto linapanda. Ile ya magharibi ni mbaya, isipokuwa kwa wale wanaokaa chini kabisa ya mlima katika mji wa Uvira, kwa sababu kwao milima ya Mitumba inakula jua mapema kabla ya jioni. Watu wa Sange na Luberizi, walio katikati ya bonde, hawana bahati ile. Wao waweke kitu cha kukinga upande wa magharibi: mkeka wa zamani, majani ya ndizi, au hata maboga yanayotambaa juu ya miti. Na tole lenyewe liangaliwe. Chombo kilicho karibu sana na tole kinapikwa toka juu.

Chombo chenyewe kisikupe deni. Bidon ya mafuta ya lita 5 iliyokatwa juu, beseni iliyopasuka, mfuko wa mchele uliokunjwa mara mbili, nyungu ya udongo yenye ufa, yote yanafaa, mradi chini kuna matundu na maji yanatoka. Kitu kimoja tunakikataza bila majadiliano: bidon au chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu, hata kama imeoshwa mara kumi. Hiyo isiingie katika nyumba kwa kazi yoyote. Vyombo vyeusi vinameza joto, na mizizi inaungua kabla jani halijaonyesha kitu. Vipake chokaa nje viwe vyeupe. Kwa mwezi wa saba na wa nane kuna namna ya kupoza ambayo bamama wengi wanaijua tayari juu ya kutunza maji ya kunywa: weka chombo kidogo ndani ya nyungu kubwa ya udongo, kati yao jaza mchanga, mwagilia mchanga ule. Maji yanayotoka kama mvuke kupitia ukuta wa nyungu yanabeba joto. Seleri ndani yake inakaa vizuri hata siku ambayo watu wenyewe wanatafuta kivuli.

Udongo, tutasema kwa kifupi: visehemu viwili vya udongo mweusi, kimoja cha mbolea ya kuoza, kimoja cha mchanga wa mto. Umimine maji ya moto juu yake mara moja, uache upoe, ndiyo upande.

Sasa maji, na hapa njo pahali tunatengana kabisa na wale wanaotaka vyombo arobaini. Chombo cha lita 5 chenye seleri iliyokomaa, kikiwa katika nusu kivuli wakati wa kiangazi, kinakunywa karibu nusu lita kwa siku. Vyombo vitano ni lita mbili na nusu. Kwa nyumba inayoosha mboga na mchele kila siku, maji yale yako tayari. Ni maji ya kuoshea ambayo yangemwagwa. Vyombo arobaini ni lita 20, bidon nzima ya manjano, kila siku, Siku ya Mungu pamoja. Bidon ile ikinunuliwa pahali pa kuchota maji, jumlisha bei yake kwa siku 30 kabla ya kusema faida. Isiponunuliwa, inabebwa ku kichwa au mgongoni na mama au na binti ambaye angekuwa masomoni. Tumesikia hesabu nyingi za bustani za nyumbani ambamo mbegu imehesabiwa, chombo kimehesabiwa, na maji yameandikwa sufuri. Hesabu ya namna ile koperative isiipokee. Miradi pia, hata ile tunayoifanyia kazi sisi maagronomu, inapenda kuhesabu vyombo vilivyogawanywa, kwa sababu vyombo vinahesabika kwa urahisi na vinapigwa picha. Wanamemba wana haki ya kuuliza hesabu nyingine: katika mwezi wa nane, mafungu mangapi ya majani yamekatwa, na maji yametoka wapi?

Kwa hiyo tunasema vitano. Na ndani ya vile vitano hatuwezi kuweka chochote tunachokitamani. Bukavu iko karibu meta 1500 juu ya bahari, ziwa Tanganyika ni meta 770 na kitu, na kila unapopanda meta 1000 joto linapunguka karibu digrii 6. Persili, na timu (ile ya nyungu, hapana ile ya mpira), zinapenda kule juu. Hapa chini mbegu ya persili, udongo ukipita digrii 30, inalala tu, na hata pahali pa baridi inakaa wiki mbili mpaka nne kabla ya kuota, ndiyo maana watu wanaivunja moyo wakaichimba ili waone. Timu haichukii joto sana, lakini inachukia miguu yenye maji, na mvua zetu za mwezi wa tatu na wa nne zinaiozesha. Acheni wandugu wa Lemera na wa Kabare watuuzie hizo. Ni soko lao, na ni haki yao.

Sisi tuweke kitunguu cha majani, ambacho wengine wanaita sibule. Kigawanye mizizi, panda vipande vitatu, baada ya mwezi unakata, kinaota tena, hakiombi mbegu ya duka. Tuweke lumbalumba, kila kabila ina jina lake la mmea huu, na wote tunaujua katika mchuzi wa samaki. Ni mtoto wa nchi za joto, unaota kwa mbegu au kwa tawi. Kazi yake ni moja tu: kukata vichwa vya maua mara vinapotokea, kwa maana mmea ukishazaa mbegu unaona kwamba umemaliza. Nana iwekwe peke yake ndani ya chombo, kwa sababu mizizi yake haijui mpaka. Sitroneli ya chai hapana, isiwekwe ku barza. Hiyo inataka jua lote na nafasi. Ipandwe ku mpaka wa shamba, pale ambapo mvua inachukua udongo, ifanye kazi mbili.

Vyombo viwili vinavyobaki ni vya seleri, na juu ya seleri tutakaa kidogo, kwa sababu ni jani linalonunuliwa zaidi, na ni lenye mashaka zaidi hapa bondeni. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Kosa la kwanza ambalo watu wanalifanya ni kuifukia. Mbegu ya seleri inataka mwangaza ili iote: imwage juu ya udongo uliolowa, ibonyeze kwa kiganja, basi. Kosa la pili ni kuiotesha pahali pa moto. Iwe katika nyungu ya udongo, pahali pa baridi kupita pote karibu na mlango, na juu yake kitambaa chepesi chenye maji, ambacho kinapitisha mwangaza. Kitambaa kisikauke hata siku moja. Ikiota, baada ya wiki mbili au tatu, kitambaa kinatoka siku ile ile. Kiisha ni uvumilivu: miezi miwili mpaka mitatu kabla ya kuhamishwa. Asiye na uvumilivu ule afanye hivi: anunue sokoni seleri yenye mizizi, apike matawi ya nje, aache moyo wa katikati na vidole viwili vya shina, apande jioni na aweke kivulini siku tano. Mingi inashika. Na wakati wa kukata, siku zote ukate ya nje, uache moyo. Mwenye kukata yote mara moja juu ya wageni wa siku moja, amemaliza bustani yake.

Juu ya mbegu za pakiti, neno moja. Mbegu ya seleri, ya persili na ya vitunguu inazeeka haraka katika joto. Pakiti iliyokaa mwaka mzima katika kiosiki chini ya tole imekufa, hata kama picha ya juu yake bado inapendeza. Kabla koperative hainunui pakiti nyingi, inunue moja, ihesabu mbegu 20 juu ya kitambaa chenye maji, ingojee wiki tatu. Zikiota chini ya kumi, asante, tunarudisha. Zile nzuri zitunzwe katika chupa iliyofungwa pamoja na mchele uliokaangwa mpaka ukauke kabisa. Mchele ule unakunywa unyevu.

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita haraka. Kipindupindu kinaishi nasi hapa Uvira miaka mingi. Majani ya kunukia mara nyingi hayapikwi: mtu anachoma mukeke, anakatia seleri mbichi na kitunguu juu, anakula. Kwa hiyo maji ya mfereji, maji ya mtaro unaopita karibu na choo, na maji ya ziwa pale watu wanapooga na kufulia, yasiguse majani yale. Mwagilia chini, ku udongo, asubuhi, usimwage juu ya jani. Samadi mbichi ya mbuzi au ya kuku hapana. Ioze kwanza miezi mitatu au zaidi mpaka inanuka udongo. Na majani ya kuliwa mabichi yaoshwe na maji yaliyotiwa klori au yaliyochemshwa. Siku ambayo mtu mmoja ataugua juu ya fungu la seleri lenye jina la koperative yenu, soko lile limefungwa, na itakuwa haki. Visahani mnavyoweka chini ya vyombo vimwagwe kila siku, visije vikazalisha mbu ku mlango.

Wadudu watakuja. Kiangazi ni utitiri, wale wadogo wekundu wanaofuma utando chini ya jani. Wakati mwingine ni vidukari. Maji yenye sabuni kidogo ya kipande, yaliyopigwa chini ya majani jioni, kiisha kuoshwa kesho yake, yanatosha kwa vyombo vitano. Dawa ya pamba au ya nyanya isije ku barza. Majani haya yanakatwa leo na kuliwa leo. Hakuna siku za kungoja, na watoto wanalala hatua tatu kutoka pale.

Sasa turudi kwa mzee wetu anayesema kwamba haya ni maua. Mzee, mihogo na mchele ni mifupa ya koperative, hakuna anayebisha. Lakini tuangalie nani hana shamba. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake ukabeba nyumba na watu katika mji wa Uvira. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika kata za pembeni, hapa na kule Kalemie. Tuna wanamemba ambao shamba lao liko chini ya maji, na wengine ambao wanakaa katika uwanja wa mtu. Kuna wengine tena wana shamba, lakini njia ya kwenda kule haina usalama. Watu hao wanalipa bado mchango wao. Ukiwaambia wangoje mavuno ya mihogo ya miezi 12 au zaidi, umewaambia watoke. Vyombo vitano havimlishi mtu, tuseme ukweli. Vinampunguzia kununua kila siku fungu dogo la seleri na kitunguu, na kile kinachobaki kinauzwa kwa jirani au kwa mama wa malewa anayechoma samaki jioni. Na maji yakipanda usiku, vyombo vinabebwa juu ya meza pamoja na magodoro.

Kuna pia ile kibe ya chumvi ambayo sasa inaingia katika kila sufuria, hata mbili, hata tatu. Soma karatasi yake: mara nyingi neno la kwanza ni chumvi. Hatusemi watu waiache kesho. Tunasema tu kwamba sombe yenye seleri na kitunguu cha majani inaomba kibe moja pahali pa tatu, na wazee wenye tansio wanajua daktari aliwaambia nini.

Na kwa vijana wetu: nguvu yenu ni ya kweli, lakini deni lile hapana. Kiti ya plastiki ikipasuka, deni linabaki. Pahali pa kununua vitu vya kila nyumba, koperative ifanye kitu kimoja ambacho mtu peke yake hawezi, yaani kitalu. Kitalu kidogo, hatua nne kwa tatu, chenye kivuli cha majani ya mawese, karibu na maji, na mtu mmoja anayelipwa kukiangalia asubuhi na jioni. Kwa sababu kuotesha seleri hapa bondeni ni kazi ya kila siku, ya kitambaa na maji, na katika nyumba kumi, nane zitashindwa siku ya soko au ya matanga. Ikioteshwa pamoja, mwanamemba anachukua mche ulio tayari, anaulipa kidogo, au anarudisha baadaye vipande vya kitunguu cha majani na matawi ya nana ili wengine wapate. Kijana anayetaka kujifunza aanze pale. Tumewaona vijana wenye mikono mizuri kwa kazi hii, hawahitaji taa.

Kuna neno la mwisho, na tunajua halitafurahisha wote. Kazi hii itafanywa na bamama, kwa sehemu kubwa. Wao wanabeba maji, wao wako ku barza, wao wanajua mama wa malewa gani analipa na gani anachelewesha. Katika bonde hili tumeona mara nyingi zao la bamama linapoanza kulipa, daftari linahamia mikono mingine. Kwanza mtu anajitolea «kusaidia kuandika», kiisha anasaidia kubeba franka, kiisha mama anaomba franka za chumvi kutoka kwa biashara yake mwenyewe. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyosainiwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inaweka uwezo katika mikono ya wanamemba. Bamama wako wanamemba. Kwa maoni yetu, kitalu kiwe na daftari lake, tofauti na lile la mchele, na lishikwe na wale wanaomwagilia. Ikiwa mkutano haukubali jambo hilo, ni afadhali kitalu kisianze. Kutakuwa na maji mengi yaliyobebwa bure.

Kiangazi njo wakati majani yanakuwa machache sokoni, na seleri inaomba karibu miezi mitatu kabla ya kuhamia ku chombo. Koperative inayotaka kukata mwezi wa saba ioteshe mwezi wa pili, wakati mvua bado iko na udongo haujachemka. Kinachotakiwa ni mfuko mmoja wa mbolea iliyooza vizuri, nyungu tatu au nne, kitambaa, pakiti moja iliyojaribiwa, na katika muhtasari wa mkutano wa mwezi wa kwanza, majina mawili: la mtu atakayemwagilia, na la mama atakayeshika daftari.